Biti zangu za sampuli zinapishana na ngoma: nianzie wapi?

Swali: Habari kaka. Napenda sana hip-hop ya sampuli, ile ya miaka ya 1990, na nataka kuanza kutengeneza biti zangu. Nina kompyuta ndogo, hedifoni na simu. Sina kinanda wala mashine ya pedi. Nimejaribu kukata vipande vya nyimbo za zamani na kuvizungusha, lakini nikiweka ngoma juu yake vinaanza sawa, halafu baada ya muda vinapishana. Besi nayo inasikika kama imetoka wimbo mwingine. Je, ninunue MPC, ile mashine ya pedi ya Akai, kwanza? Na nikimaliza biti, naruhusiwa kuiweka mtandaoni?

Jibu: Mdogo wangu, usinunue kitu bado. Ulivyonavyo vinatosha kabisa kwa kuanzia, na matatizo mawili uliyoyataja hayatokani na kukosa mashine. Yanatoka kwenye namna unavyokata na namna unavyopunguza kasi. MPC mpya kabisa ingekupa biti inayopishana vilevile. Nitakaa sana kwenye kukata, kwa sababu humo ndimo biti ya sampuli inamofanikiwa au kuharibika, na ni jambo ambalo watu hulipita haraka wakikimbilia madoido.

Tuanze na kuhesabu. Hip-hop karibu yote huenda kwa mapigo manne: moja, mbili, tatu, nne, kisha unarudi kwenye moja. Mzunguko mmoja wa hayo manne ni bari moja. Kabla hujagusa kipanya, sikiliza wimbo unaotaka kuukata huku unapiga mguu chini mpaka ujue kwa hakika moja iko wapi. Anayeanza hukata pale sauti tamu inapoanzia, na sauti tamu mara nyingi huanza kabla ya moja. Mpiga gitaa hutanguliza noti mbili tatu za kuingilia, mpiga ngoma hubiringisha kidogo, ndipo moja inatua. Ukikata kwenye noti za kuingilia ukaziita moja, kiki yako (ngoma nzito ya chini) itakaa mahali ambapo wimbo wenyewe bado uko kwenye nne, na kila kitu utakachojenga juu yake kitasikika kimepinda hata kama hujui kwa nini.

Ukishaipata moja, kata bari 4 kamili: kuanzia moja ya bari ya kwanza hadi kabla tu ya moja ya bari ya tano. Zungusha kipande hicho peke yake, bila ngoma, kwa dakika nzima. Kikirudi mwanzo na mguu wako ukaendelea bila kujikwaa, umekata vizuri. Mguu ukijikwaa, sogeza mwisho wa kipande mbele au nyuma kidogo kidogo hadi ukae. Fanya kazi hii kwa sikio, macho yasaidie tu.

Sasa pima urefu wake. Tuseme kipande chako kina sekunde 9.6. Bari 4 ni mapigo 16. Gawa 16 kwa 9.6, zidisha kwa 60, unapata 100. Hiyo ndiyo tempo, mapigo 100 kwa dakika. Programu yako lazima iwe kwenye 100 hiyo hiyo. Ukikadiria ukaweka 99, bari 4 za programu zinachukua sekunde 9.7, kwa hiyo kila mzunguko sampuli inatangulia ngoma kwa karibu sehemu ya kumi ya sekunde. Mzunguko wa kwanza husikii kitu. Ukimaliza wa nne, zimeachana zaidi ya nusu ya pigo. Huko kuanza sawa halafu kupishana ulikokueleza, kwa asilimia kubwa chanzo chake ni hiki.

Kuna chanzo cha pili kilichojificha zaidi. Wanamuziki wengi wa miaka ya 1960 na 1970 walirekodi wakiwa pamoja chumbani, bila mashine ya kuwahesabia mapigo masikioni. Wimbo ulipopamba moto walienda mbio kidogo, ulipotulia nao walitulia. Kwa hiyo ile 100 uliyoipata ni wastani tu. Ukipima bari moja moja ndani ya kipande kile kile unaweza kukuta ya kwanza ina sekunde 2.38, ya pili 2.41, ya tatu 2.37, ya nne 2.44. Jumla ni 9.6 barabara, na mzunguko unafunga vizuri. Lakini gridi ya programu, yaani mistari yake ya kupimia mapigo, inataka kila bari iwe 2.40. Jumlisha bari tatu za kwanza utaona moja ya bari ya nne inaingia kwenye sekunde 7.16, wakati kiki yako inaingia kwenye 7.20. Tofauti ni milisekunde 40, nayo inatosha kabisa kwa sikio kusikia mapigo mawili yanayogongana mahali palipotakiwa kuwa na moja.

Dawa yake ni kutozungusha bari 4 kama kipande kimoja. Zikate ziwe vipande vinne, kila kimoja kianzie kwenye moja yake, kisha kila kimoja kikae kwenye mstari wake wa gridi. Iliyokuwa ndefu itakatwa na inayofuata, na iliyokuwa fupi itaacha upenyo wa milisekunde 20 au 30 ambao kiki au snea (ngoma ya mlio mkali) itaufunika. Bado ukisikia pupa ndani ya bari moja, ikate katikati. Kila unapoanza kipande kipya, mwendo unarudi kwenye mstari. Vionjo vya mpigaji, ule mvutano wake mdogo kati ya pigo na pigo, vinabaki ndani ya kipande, na ndivyo tunavyovitafuta.

Tuingie ndani ya mkato mmoja tuutazame kwa karibu. Vuta picha ya wimbi la sauti mpaka uone mahali noti moja ya gitaa inapochomoza. Kabla ya mlima mkubwa utaona vilima vidogo: hapo ni kucha au plektra inagusa uzi kabla uzi haujalia. Ukikata baada ya vilima hivyo, noti inaingia kwa nguvu lakini inakuwa kavu, kama kinanda cha bei rahisi. Ukikata kabla yake, unapata mguso wa mkono wa mtu, lakini noti yenyewe inachelewa kidogo, hivyo kipande lazima kianze kabla ya mstari wa gridi kwa kiasi hicho hicho ili mlima wenyewe ndio utue kwenye pigo. Mimi huacha mguso karibu kila mara. Halafu hakikisha umekata mahali wimbi linapovuka mstari wa sifuri. Ukikata juu ya mlima utasikia mlio wa "tak" kila kipande kinapoanza. Kama huwezi kupapata, mwambie programu iingize sauti taratibu kwa milisekunde 2 au 3. Sikio halitagundua, na mlio utatoweka.

Besi sasa. Nadhani ulichofanya ni kuivuta sampuli mpaka ikafika kasi uliyoitaka, kisha ukatafuta noti za besi na hakuna iliyokubali. Ukipunguza kasi ya sauti kama anayeizungusha santuri polepole, kimo cha noti zake, yaani ujuu wake, nacho kinashuka pamoja nayo. Kila nusutoni moja (hatua kutoka funguo moja ya kinanda hadi inayofuata) unayoshusha inapunguza kasi kwa karibu asilimia 6. Kutoka 100, nusutoni moja inakupeleka 94.4, mbili 89.1, tatu 84.1. Ukilazimisha iwe 90 kamili, sampuli imeshuka nusutoni 1.8, yaani imekaa kati ya funguo mbili za kinanda. Hakuna besi ya kinanda itakayokubaliana nayo, kwa sababu noti hiyo haipo kwenye kinanda.

Ninakushauri ushushe kwa nusutoni kamili, kisha tempo ifuate. Chagua mbili, weka programu kwenye 89.09, biti yako imekaa na besi italingana. Programu zote za maana zinakubali desimali. Kama kwa sababu fulani lazima iwe 90, basi pandisha besi kwa senti 18, senti ikiwa sehemu ya mia ya nusutoni. Na hata ukifuata hesabu hii, sikiliza mwishoni, maana rekodi nyingi za zamani hazikuwa zimelingana na kinanda tangu studio. Mashine ya utepe ikizunguka polepole kidogo tu, wimbo mzima unashuka. Imba noti ambayo kipande kinarudi kupumzika, itafute kwenye besi, kisha zungusha kitasa cha senti hadi ule mtikisiko kati ya sauti mbili uishe.

Programu yako pia ina njia ya kubadili kasi bila kubadili kimo cha noti. Ni nzuri kwa sauti ya mtu, lakini kwenye ngoma na gitaa huacha ukungu, hasa ukivuta sana. Anza na njia ya santuri. Uzito ule unaoupenda kwenye biti za miaka ya 1990 ulitokana kwa sehemu kubwa na sauti kuteremshwa hivyo.

Jambo jingine la besi: sampuli yako tayari ina besi ndani yake. Ukiongeza nyingine bila kuondoa ile, zinapigana. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuweka filta kwenye sampuli ikakata kila kilicho chini ya Hz 120 hivi (Hz ni mitetemo kwa sekunde), ukaacha nafasi hiyo kwa besi mpya na kiki. Ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi: nakili sampuli kwenye mstari (traki) wa pili wa programu, huko ukate kila kilicho juu ya Hz 200, ubaki na ngurumo ya chini tu, uipandishe sauti. Besi hiyo inalingana bila kupimwa kwa sababu ni ya wimbo huo huo. Maprodyuza wa New York mwanzoni mwa miaka ya 1990, Pete Rock akiwa mmoja wao, waliitumia mbinu hii mno, na hadi leo haijachuja.

Sasa unaweza kupanga upya. Bari 4 zina mapigo 16, na pedi za MPC ni 16, kwa hiyo zoezi linajipanga lenyewe: kata kila pigo liwe kipande chake, gawa vipande kwenye vitufe 16 vya kibodi ya kompyuta, na uviambie vikatane, yaani kipande kipya kikianza kile cha zamani kinyamaze. Mpangilio huo wa kukatana ndio unaozifanya biti za sampuli zisikike zimebanana. Bila huo, mikia ya noti inarundikana na kuwa uji. Cheza 1, 2, 3, kisha badala ya 4 ruka kwenye 11. Rudia 1, 2, kisha 11 mara mbili haraka. Halafu acha kimya kwa pigo zima. Usijaribu kutumia vipande vyote 16. Biti nyingi nzuri zimesimama juu ya vipande vinne au vitano, na kimoja kati ya hivyo huwa ni kile ambacho mwanzoni ulidhani hakifai: pumzi ya mwimbaji kabla hajaanza, mlio wa kiti, noti inayokufa.

Uchague nini cha kukata? Usiende kwenye kiitikio, huko kila mtu ameshaimba juu ya kila kitu. Sikiliza mwanzo wa wimbo, sehemu ya katikati ambapo mwimbaji ananyamaza, na sekunde za mwisho wakati wanamuziki wanaachia. Utamaduni wote wa hip-hop ulitoka kwenye sehemu hizo. Agosti 11, 1973, kwenye sherehe katika jengo la 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, New York, DJ Kool Herc alikuwa akitazama ni wakati gani wacheza dansi wanachachamaa zaidi: ni pale wimbo unapobaki ngoma tupu. Akatumia santuri mbili kurefusha sehemu hiyo fupi iwe ndefu. Unachofanya wewe kwenye kompyuta ni kazi hiyo hiyo.

Na hapa nikupe siri ndogo inayookoa sampuli nyingi. Rekodi za kwanza za stirio, hasa za miaka ya 1960, mara nyingi ziliweka vyombo vyote vya aina fulani upande mmoja: ngoma na besi kushoto, kinanda na gitaa kulia, au kinyume chake. Zima upande mmoja usikilize. Unaweza kukuta gitaa limebaki peke yake, safi, bila ngoma za kupigana na zako. Kabla ya kuukataa wimbo kwa sababu umejaa vyombo, sikiliza kila upande kivyake.

Ngoma. Katikati ya miaka ya 1980, Marley Marl wa Queens, New York, aligundua kwamba anaweza kuchukua pigo moja la snea kutoka kwenye santuri na kulipiga upya kwa mpangilio wake mwenyewe, badala ya kuzungusha mdundo mzima wa mtu. Fanya hivyo hivyo: tafuta kiki moja, snea moja, haihati (matoazi mawili yanayofungana) moja, zitoke mahali ambapo kila moja inasikika peke yake. Tatu tu. Gawa bari iwe nafasi 16. Weka snea kwenye 5 na 13. Weka kiki kwenye 1, 8 na 11. Haihati iwe kwenye namba zote witiri. Huo ndio mdundo wa msingi, na umebeba nyimbo zisizo na idadi.

Ukiucheza hivyo hivyo utasikika mkakamavu, na hapo ndipo swingi inapohitajika. Roger Linn, aliyebuni MPC60 ya Akai iliyotoka mwaka 1988, aliiwekea mpangilio wa kuchelewesha nafasi shufwa: 2, 4, 6 na kuendelea. Kwenye asilimia 50 kila kitu kimenyooka. Kwenye tempo ya 90, asilimia 54 inachelewesha nafasi hizo kwa milisekunde 13, asilimia 58 kwa 27, asilimia 62 kwa 40. Tazama mdundo niliokupa: kitu pekee kilichokaa kwenye namba shufwa ni kiki ya 8. Hiyo moja ndiyo itakayosogea. Panda kutoka 50 hadi 62 polepole huku unasikiliza kiki hiyo tu, na utahisi shingo inavyobadilisha mwendo. Sijui zoezi lingine linalofundisha swingi haraka kuliko hili. Kisha shusha sauti ya haihati moja baada ya nyingine, kali, laini, kali, laini, na uongeze snea ndogo isiyosikika vizuri kwenye nafasi ya 10 au ya 16.

Baadaye utataka kuzitoa ngoma kwenye gridi kwa mkono. James Yancey wa Detroit, J Dilla, alifika mbali zaidi ya wote kwenye hili, kila chombo kikiwa na wakati wake, na MPC3000 yake leo imehifadhiwa kwenye makumbusho ya taifa ya historia na utamaduni wa Wamarekani Weusi huko Washington. Lakini mpaka uweze kuifanya biti ikae kwenye mstari, usiitoe. Kilichoteleza kwa makusudi na kilichoteleza kwa kukosa udhibiti hutofautishwa na msikilizaji ndani ya bari mbili.

Kuhusu mashine: historia yake inakufundisha jinsi ya kufanya kazi hata usipoinunua. SP-1200 ya E-mu, iliyotoka 1987, ilikuwa na sekunde 10 tu za kuhifadhi sauti zote za biti nzima, na kila sampuli haikuruhusiwa kuzidi sekunde 2.5. Ilirekodi kwa ubora wa biti 12 (hapa biti ni kipimo cha data, si mdundo) na kHz 26.04, chini sana ya kiwango cha CD. Ili waokoe nafasi, watu waliicheza santuri ya mizunguko 33 kwa kasi ya 45, wakarekodi, kisha wakairudisha chini ndani ya mashine. Ule ukwaruzo na giza unaousikia ulizaliwa humo. Jiwekee sheria hiyo mwezi wa kwanza: sekunde 10 za sauti, basi. Utashangaa ni kiasi gani cha akili kinaamka ukikosa nafasi.

Kwa kukata, Audacity ni ya bure na inatosha. Kwa kupanga, LMMS ni ya bure pia. FL Studio, Ableton Live na Reaper zina matoleo ya majaribio. Ya FL Studio haikuruhusu kufungua tena kazi uliyoihifadhi, kwa hiyo toa kila mstari kama faili ya WAV kabla ya kufunga. Kwenye simu kuna Koala, ambayo inarekodi kwa maikrofoni ya simu yenyewe na kukata papo hapo. Kwa mtu asiye na pedi, kioo cha simu ni pedi nzuri kuliko kibodi. Chagua moja ukae nayo. Kubadilisha programu kila wiki ni njia ya uhakika ya kubaki palepale. Ukija kununua kitu, kiwe kidubwasha cha pedi cha USB, na ununue ukiwa tayari na biti ulizozimaliza.

Sitakaa kwenye miksi leo. Acha nafasi, kilele cha sauti kisivuke -6 dB kwenye kipimo cha programu, usibandike kompresa (kifaa cha kubana sauti) kila mahali, na usikilize kwenye spika ya simu: besi ikipotea kabisa huko, iongezee sauti kidogo eneo la kati, au isage kidogo ipate makali. Na kumbuka kwamba rapa atahitaji nafasi. Biti iliyojaa kiasi cha kupendeza bila maneno kwa kawaida haina mahali pa kuweka maneno. Bari 4 za kuingilia, 16 za mashairi, 8 za kiitikio. Kwenye mashairi punguza kipande kimoja, kwenye kiitikio kirudishe.

Nimefika kwenye swali lako la mwisho, na hapa naomba usome kwa makini. Hakuna sheria inayosema sekunde kadhaa ni za bure. Hiyo ni hadithi ya mitaani. Kila rekodi ina haki mbili: ya rekodi yenyewe, ambayo kwa kawaida inashikwa na kampuni iliyoitoa, na ya utunzi, ambayo ni ya mtunzi au mchapishaji wake. Kuitumia kibiashara kunahitaji ruhusa ya pande zote mbili. Huko Marekani, mwaka 1991, mahakama ya New York ilimzuia rapa Biz Markie kuendelea kuuza wimbo uliotumia sampuli ya mwimbaji Gilbert O'Sullivan, na kuanzia hapo kampuni kubwa zikaacha kutoa albamu kabla ya kulipia sampuli. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa sita (kanda mojawapo ya mahakama za Marekani) ikasema wazi: pata leseni au usichukue sampuli. Mwaka 2016 mahakama ya mzunguko wa tisa ikaenda kinyume, kwenye kesi ya mlio wa tarumbeta wa sekunde 0.23. Ulaya, mwaka 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ikiamua kesi ya sekunde 2 za kundi la Kijerumani la Kraftwerk, ilisema hata kipande kifupi sana kinahitaji ruhusa, isipokuwa kimebadilishwa hadi sikio halikitambui. Kwa hiyo jibu linategemea uko wapi, na hakuna mahali ambapo ni salama kubahatisha.

Kujifunza nyumbani ni jambo moja, kuuza ni jingine. Kwa biti utakazouza, kuna vyanzo vilivyo wazi. Marekani, rekodi zote zilizochapishwa kabla ya 1923 ziliingia kwenye mali ya umma Januari 1, 2022, na tangu 2024 zinaongezeka kila mwaka. Maktaba ya Bunge la Marekani ina mradi uitwao Citizen DJ, uliotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kazi hii: unasikiliza vipande vya makusanyo yao na kuvipakua kwa ajili ya biti. Rekodi za zamani vile zina mikwaruzo na hazina besi, na hilo ni jema kwako, besi utaiweka mwenyewe. Kuna pia sauti zilizotolewa kwa leseni za Creative Commons. Soma herufi: CC0 unatumia utakavyo, BY inataka umtaje mwenye kazi, NC inakataza biashara, ND inakataza kubadilisha, kwa hiyo kwa mtu wa sampuli haifai kabisa. Chanzo cha tatu ni rafiki anayepiga chombo. Mrekodi dakika tano kwa simu, apige polepole na bila kupanga, mkubaliane kwa maandishi mgawanyo ukoje, kisha mkate kama unavyokata santuri.

Wataje pia wapigaji hata pale sheria haikulazimishi. Mwaka 1969 Gregory Coleman, mpiga ngoma wa The Winstons, alipiga bari 4 peke yake, takriban sekunde 7, zikaja kuwa miongoni mwa ngoma zilizochukuliwa zaidi duniani. Alifariki 2006 bila kupata malipo kwa matumizi hayo. Kwa kila biti, tangu ya kwanza, fungua faili ya maandishi yenye jina la biti, na ndani yake andika jina la wimbo uliokata, msanii, mwaka, dakika na sekunde ulipokata, na umeshusha nusutoni ngapi. Siku mtu akitaka kuinunua biti hiyo, hiyo ndiyo karatasi ya kwanza atakayoiomba.